Mpaka Katikati ya Sakafu

Kwa miaka mitatu Ardis Fossum alikuwa akiandika riwaya ya walowezi wa kwanza wa huku kwetu Dakota Kaskazini, na kwa miaka mitatu nilikuwa nikimwambia haisomeki. Sote wawili ni wapishi wa shule. Saa nne, trei za viazi zikishaingia tanurini, alikuwa akitoa daftari lake na kunisomea. Kila ukurasa ni Nils, babu wa baba yake: Nils na maksai wake, Nils na ndevu zake, Nils na theluji.

"Shoga, huyu mzee wako ananichosha," nilimwambia. "Hajikwai, haumwi tumbo, hakosi lolote. Nawapenda zaidi maksai."

Alicheka, lakini nilimwona ameumia.

Aliyemwokoa ni kaka yake, kwa uvivu wake. Verlyn ndiye aliyerithi shamba lote, maana baba yao hakuona maana ya kumpa binti ardhi. Sasa alitaka kile kibao wanachopewa wenye mashamba yaliyokaa miaka mia mikononi mwa ukoo mmoja, akipigilie langoni. Ilihitajika hati ya kwanza kabisa. "Wewe ndiye wa mambo ya kuandikaandika," alimwambia Ardis, aliyekuwa akiishi katika nyumba ndogo ya zamani kando ya zizi, nyumba ambayo nayo ilikuwa ya Verlyn. Ardis akaagiza jalada la shamba serikalini.

Lilifika Jumanne. Alilisoma akiwa amesimama penye sinki, glavu mkononi.

"Jina si Nils," akasema.

"Ni nani basi?"

"Ragnhild Moen. Bibi wa baba. Eka zote mia na sitini ni zake. Za Nils ni zile za jirani, alizokuja kuziuza."

Enzi zile serikali iliwanyang'anya wenyeji ardhi ikaigawa bure, na mwanamke asiyeolewa aliruhusiwa kuomba yake. Aliyeolewa, hapana. Tena ilikuwa lazima kila mwombaji alale kwenye shamba lake miaka mitano. Ragnhild na Nils walipendana, na hakuna aliyekubali kupoteza eka hata moja. Wakajenga nyumba moja juu ya mpaka: jiko upande wa Ragnhild, kitanda cha Nils upande wa pili, mstari wa serikali katikati ya sakafu. Msingi wake wa mawe upo hadi leo. Akina Fossum huuzunguka na matrekta yao wakiuita ghala la Nils.

Mwishoni mwa jalada, karani alimuuliza Ragnhild kama ameolewa. Jibu liliandikwa hivi: "Sijaolewa. Nina mtoto wa kiume wa miezi kumi na saba. Baba yake anaishi shamba la jirani. Tutafunga ndoa hati yangu ikishatoka."

Ardis alilisoma mara tatu. Kisha akalichana lile daftari la Nils vipande viwili, akalitupa kwenye pipa la maganda. Wiki hiyo aliandika kama mtu anayefukuzwa. Aliponisomea ukurasa wa kwanza niliunguza mikate ya shule nzima, na sikujuta.

Mji wetu ni mdogo, hakuna siri. Verlyn alitujia jikoni, kofia kichwani.

"Ardis, hicho kitabu chako kina mtoto wa haramu?"

"Kina babu yetu, kaka. Kama hilo ndilo jina unalompa, shauri yako."

"Nils ana dirisha la kumbukumbu kanisani! Jina lake liko kwenye kioo! Unataka watu wakae wakilitazama wakicheka?"

"Wacheke. Ragnhild hana hata kijiko chenye jina lake."

"Alijidhalilisha yule."

"Alilima! Eka arobaini, kwa maksai wa kuazima, na mimba tumboni. Wewe mwaka jana ulichelewa kupanda kisa kiyoyozi cha trekta kimeharibika."

Nikaangua kicheko. Verlyn akanigeukia. "Na wewe nyamaza, muosha masufuria."

"Ndiyo hayahaya yaliyokulishia wanao," nikamjibu.

Hapo akapunguza sauti, na ndipo nilipomwogopa. "Ukisoma neno moja la kitabu hicho siku ya sherehe ya kibao, Ardis, utatafuta pa kulala. Nyumba ile ni yangu."

Ardis alikuwa ameishi mle miaka thelathini, na mumewe alifia mle. Siku tatu hakugusa kalamu, na mimi nilivimba kwa hasira hata chumvi nilikuwa nazidisha.

Sherehe ilikuwa Jumapili baada ya ibada, katika ukumbi ulio chini ya kanisa. Kulikuwa na kahawa, nyama baridi, mikate myembamba ya viazi, na keki kubwa yenye jina la Nils. Verlyn alihutubia. Watu walipopiga makofi, Ardis akasimama na karatasi zake.

"Ardis, nilikwambia," Verlyn akasema.

"Uliniambia." Akaanza kusoma. "Ragnhild aliamka upande wa mwanamume, akavuka mpaka bila viatu, akawasha moto kwenye ardhi yake mwenyewe."

Vikombe vilitulia. Mchungaji alitazama keki. Verlyn akapiga meza. "Mwisho wa mwezi uwe umetoka nyumbani kwangu!"

"Nimetoka jana, kaka. Ufunguo uko chini ya kisahani chako."

Verlyn akainua kisahani. Ulikuwepo. Godoro nililibeba mimi mwenyewe, hadi chumba cha kupanga juu ya duka la mbegu, na mgongo ulikuwa bado unaniuma.

Huko nyuma, Mama Solveig, mzee wa miaka tisini na mmoja, akagonga fimbo yake sakafuni.

"Soma, mwanangu," akasema. "Na upaze sauti, sisi wa nyuma hatusikii."