Jina la Pili Kwenye Tiketi

Kwa miaka kumi na moja, kila Jumatano, mimi na shoga yangu Resi tumezunguka jimbo la Bavaria, Ujerumani, kwa tiketi moja ya pamoja ya siku nzima. Tunapanda treni za polepole tu, baada ya saa tatu asubuhi, kama masharti yake yanavyotaka, na majina tunayaandika kwenye tiketi: Resi, kisha mimi.

Leo kaja na Korbinian, mgane mwenye viatu vinavyong'aa, akamwandika wa pili.

"Mbona mimi wa tatu?"

"Wewe nawe, Walburga! Unaionea wivu karatasi?"

Wakacheka, wakalishana keki yangu ya tufaha.

Tiketi, kama kawaida, naitunza mimi. Treni ilipofika Landshut nikabeba mkoba wangu, nikashuka. Mlangoni nikapishana na mkaguzi.

"Anza na wapenzi wale pale dirishani," nikamwambia.