Hodi Tatu kwa Seva ya Shimanzi

Saa tatu na robo asubuhi, Bwana Jeremy Ogutu anavua koti, analitundika nyuma ya kiti, anapiga magoti chini ya meza ya Joy Kalama na kuchomoa waya.

Anainuka, anajipangusa vumbi magotini na kutazama saa ya ukutani. Makarani watano wa ofisi hii ya uwakala wa forodha hapa Shimanzi wanaendelea kupiga chapa hati za mizigo.

Pembeni, nyuma ya kioo cha kompyuta, fundi Tumu Chirau ameshika hamri moja tangu saa mbili na bado hajalitia mdomoni.

"Nusu saa," anasema Ogutu, ambaye ndiye meneja. "Waya utakaa nje nusu saa. Hati moja ikipotea, au moja ikiingia mara mbili, Jumatatu hizi kompyuta zinarudi kwenye masanduku yake. Mimi ni mtu wa karatasi, na karatasi haijawahi kunikwamia."

Asilolisema, na kila mtu analijua, ni kwamba kompyuta zikirudi masandukuni, Tumu naye atavuka Feri kurudi kwao Likoni bila kazi. Ana miaka ishirini na tisa. Mafundi wa kompyuta wanawake hapa Shimanzi unaweza kuwahesabu kwa kidole kimoja, na kidole chenyewe ni yeye.

Baba yake alibeba magunia bandarini Kilindini mpaka mgongo ukakataa. Tumu aliajiriwa hapa kama karani mwaka 1992. Mwaka uliofuata fundi mmoja wa Nairobi alipokuja kufunga kompyuta, yeye ndiye aliyekuwa akimshikia tochi na kumuuliza maswali hadi akachoka. Fundi alipoondoka alimwachia disketi tatu zenye maandishi ya ndani ya programu zote. "Alidhani ananinyamazisha," anasema Tumu, akicheka.

Kompyuta hizo hazikuwa zikihifadhi kitu zenyewe. Kila hati husafiri kwa waya mmoja unaopita chini ya meza zote hadi kwenye kompyuta kubwa kule pembeni, seva, inayotunza kila kitu. Mbebaji wa hati ni kijiprogramu kidogo ambacho mafundi hukiita draiva. Hupeleka maandishi kwa seva, kisha husubiri ijibu, "Nimepokea."

Tatizo ni malori. Shimanzi malori hayalali, na kila lori zito likipita, jengo hutikisika na viungo vya waya hulegea. Waya ukilegea kwenye meza moja, ofisi nzima imekatika.

Hapo draiva ilikuwa ikisubiri jibu lisilokuja. Ilisubiri dakika moja, kumi, hata kutwa. Kioo kiliganda, kibodi ikawa kama ubao, na karani hakuwa na la kufanya ila kuzima mashine na kupoteza alichoandika. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa matumbo yaliumia mara nne au tano kwa siku.

"Nilikuwa naandika hati moja mara tatu," anasema Joy. "Jioni nikifika nyumbani, watoto wananiona nimenuna, hawajui ni waya."

Mwezi wa Mei mwaka huu, 1996, Tumu aliifungua draiva na kuiandika upya. Aliiamuru isipojibiwa kwa sekunde kumi, ipeleke hati tena, na tena, mpaka ijibiwe. Ofisi ilishangilia kwa siku mbili.

Siku ya tatu, Dzoro, dereva wa lori, alipangiwa kwenda Kilindini kuchukua kontena la mitumba. Alisimama langoni toka asubuhi hadi alasiri akibishana na karani wa bandari.

"Nadai kontena ambalo nimelitoa mwenyewe jana!" anasimulia Dzoro, na hasira bado imo sautini. "Yule karani akaniuliza kama nimelewa muguka."

Kumbe hati ya kwanza ilifika salama. Kilichopotea njiani ni jibu. Draiva, kwa kutosikia "nimepokea", ikapeleka hati ileile tena, na seva ikaiandika kama mzigo mpya.

Dzoro alipanda ngazi hadi kwa Tumu akiwa na jasho na vumbi. "Dada, kontena lina nambari yake ubavuni," alimwambia. "Likija mara mbili, kila mtu anajua ni lile lile. Hizo hati zenu hazina ubavu?"

Tumu alichukua kalamu akaandika maneno hayo nyuma ya bahasha, na bahasha hiyo anayo mpaka leo.

Ogutu yeye hakuandika kitu. Alimpa Tumu siku kumi arekebishe.

Jumapili iliyofuata, Tumu alikwenda Kuze, Mji wa Kale, kumpelekea shangazi yake, Bi Mwanakhamis, kikapu cha maembe. Alibisha hodi. Kimya. Akangoja kidogo, akabisha ya pili, kisha ya tatu. Kimya. Akafanya alivyolelewa: akamwachia jirani kikapu na kugeuka kwenda zake bila kinyongo.

Hajafika pembe ya kichochoro, akaitwa.

"Weye mbona wenda zako? Nlikuwa naswali! Nimepiga kofi, hukunisikia?"

"Mkokoteni ulikuwa ukipita, shangazi. Nimebisha hodi tatu, nikaona kimya."

"Hodi ni tatu, na weye umebisha tatu. Hapo huna kosa. Lakini mtu kunyamaza si kufa, mwanangu. Akiwa kwenye swala hupiga kofi, ujue yupo, ungoje amalize."

Tumu anasema alibaki ameduwaa pale kichochoroni, shangazi akamwuliza kama ana homa. "Nilitamani kumbusu miguu. Draiva yangu ilikuwa haina adabu, basi. Imesimama mlangoni mwa mtu inagonga kutwa."

Kwa siku nane alikaa na draiva hiyo. Sasa hubisha mara tatu, na kila mara hungoja zaidi kidogo. Seva ikiwa ipo lakini ina kazi nyingi, hupiga kofi lake, na draiva husubiri. Pakiwa kimya kabisa, draiva humwachia jirani, yaani huiweka hati ndani ya kompyuta ya karani mwenyewe, na karani huendelea na kazi. Waya ukirudi, hati hupelekwa kwa zamu. Kila moja ina nambari ubavuni, na seva ikiiona nambari kwa mara ya pili hujibu, "Hii ninayo," bila kuiandika tena.

Saa tatu na dakika arobaini na tano. Ogutu anapiga magoti tena na kuuchomeka waya.

Kwa dakika mbili taa ndogo ya seva inapepesa. Kisha idadi ya hati zilizopokelewa inatokea kwenye kioo: thelathini na nane.

Ogutu anahesabu karatasi ambazo makarani wamezinakili, analowesha kidole, anahesabu tena. "Thelathini na saba," anasema polepole. "Moja imeingia mara mbili, Tumu."

Joy anafumba macho. Tumu anaweka hamri mezani na kupitisha kidole kwenye kioo, mstari kwa mstari, hadi chini.

"Hapana, Mzee," anasema. "Nambari hazijirudii. Hati ni thelathini na nane. Karatasi ndiyo imepungua."

Hakuna aliyewahi kumwambia Ogutu neno kama hilo. Anamtazama. Ndipo Joy anaponyanyua kisahani chake cha chai, na karatasi ya thelathini na nane inanyanyuka nacho, imenata chini yake, ina duara la chai katikati.

Vigelegele vya Joy vinasikika hadi kwenye magodauni. Makarani wanapiga meza. Ogutu anaishika karatasi ile kwa ncha za vidole, anaitikisa, kisha anacheka mpaka anakaa chini.

"Leo karatasi imeniaibisha," anasema. "Tumu, hakuna kompyuta inayokwenda popote. Wala wewe."

Tumu anakula hamri lake, limekauka, na macho yamejaa machozi ambayo haoni haja ya kuyafuta.

Tayari kampuni mbili za jirani zimemwita. Lakini ana mpango wake. Amekwisha kuona chumba karibu na Feri, upande wa Likoni, na Ogutu amemwahidi kompyuta tatu kuukuu. Anataka kuwafundisha kazi hii wasichana wa kwao.

"Siku ya kwanza sitawaonyesha hata pa kuwashia," anasema Tumu. "Nitawaacha waandike majina yao, kisha nitawachomolea waya, niwaulize: haya, sasa mtafanyaje?"