Maji Nyuma ya Basi la Erzurum

Kabla watu hawajaanza kukata tiketi kwa kubonyeza simu, katika mji wetu wa Eskişehir tiketi ilitafutwa kwa miguu. Ulifika stendi na mzigo wako, ukapita dirisha hadi dirisha, kila kampuni na dirisha lake, huku wapiga debe wakikuvuta mkono na kukuimbia Ankara, Bursa, İzmir, hata kama ulikuwa unakwenda kwingine kabisa. Shangazi yangu Nezahat alikaa nyuma ya mojawapo ya madirisha hayo tangu alipomaliza shule. Nyumbani tunasema sauti yake ilikuwa kubwa kwa sababu ya kusemea nyuma ya kioo cha dirisha lile.

Waliomtia uchungu ni wanafunzi wa chuo. Idi ikikaribia walimiminika stendi wakiulizia viti vya kwenda kwao, na wengine walirudi bwenini na mabegi yao wakati dirisha la tatu kutoka pale lilikuwa na viti vitupu.

"Viti vipo," alikuwa akimwambia baba yangu. "Ila havijuani na watu."

Akaacha kazi, akapanga chumba juu ya duka la fundi viatu, ng'ambo ya stendi. Alikuwa na meza, simu na birika la chai. Wanafunzi walimpigia, naye akavuka barabara mbio kuwatafutia nafasi. Aliipa kazi yake jina Cam Kenarı, yaani Kando ya Dirisha, kwa kuwa ndicho kiti ambacho kila mtu alikiomba. Baadaye akaja Tayfun, kijana wa hisabati aliyekuwa mteja wake.

"Dada Nezahat, haya yote kompyuta inayaweza."

"Na chai, inaweza kuipika?"

"Chai nitapika mimi."

Wote wawili husimulia kwamba hapo ndipo kampuni ilipozaliwa, ingawa shangazi anadai ile chai Tayfun hakuipika hata mara moja.

Tovuti ikawa tayari, lakini ilikuwa duka lisilo na bidhaa. Wenye mabasi walimpa viti vya nyuma kabisa, vile vya juu ya injini, ambavyo hata wao walishindwa kuviuza. Mwenye mabasi mengi ya kwenda mashariki alikuwa Haji Rüstem. Bila yeye, chumba cha juu ya fundi viatu kingefungwa, na shangazi angerudi nyuma ya kioo. Akampandia ngazi hadi ofisini kwake, ghorofani palepale stendi.

"Kompyuta?" Haji akauliza, tasbihi ikizunguka mkononi. "Binti yangu, mimi hata saa ya ukutani siiamini."

Shangazi hakuondoka mpaka chai yake ilipopoa. Mwishowe Haji akasema, "Nakupa basi moja zima, la Erzurum, mkesha wa Idi. Likiondoka kwa saa yake, tutazungumza habari ya mengine. Likichelewa, usinipandie ngazi tena."

Basi lilijaa upesi kuliko walivyotegemea.

Sasa, kwenye mabasi yetu mwanamke hakalishwi karibu na mwanamume asiye wake. Kila muuza tiketi anajua. Anakutazama tu, kisha anakupangia. Kwenye simu shangazi alisikia sauti, akapanga. Tayfun naye alilijua jambo hilo tangu utotoni. Lilikuwa wazi mno kwao wote wawili, hata hakuna aliyekumbuka kulitaja. Tovuti iliuza kiti kwa aliyewahi.

Siku yenyewe shangazi alisimama mlangoni mwa basi akiwatakia watu safari njema. Binti mmoja akashuka.

"Dada, kitini pangu pana mwanamume."

Kabla hajamjibu, mwanamume akashuka pia. "Dada, nimewekwa na mke wa mtu. Mumewe yuko nyuma yangu, anahesabu nywele za kisogo changu."

Muda mfupi baadaye basi zima lilikuwa chini. Dereva akawasha sigara na kutazama saa. Ghorofani, nyuma ya pazia, Haji Rüstem naye alikuwa akitazama.

Shangazi akapanda ngazi ya basi na kuitoa ile sauti ya kioo. "Wanawake kulia! Wanaume kushoto! Wenye ndoa katikati!"

"Na wachumba?" mtu akauliza.

"Wachumba hawana kundi! Chagueni!"

Watu wakacheka. Akaanza kuwapandisha mmoja mmoja.

"Mimi nilinunua dirisha," kijana mmoja akalalamika.

"Dirisha utalipata Idi ijayo. Kaa!"

Wakabaki wawili chini: msichana wa chuo aliyekazia macho viatu vyake, na mchinjaji mwenye masharubu makubwa, aliyekuwa akienda kijijini kwao kuchinja, visu vyake vimefungwa kwenye magazeti. Nafasi zilizobaki zilikuwa mbili, zilizo pamoja. Msichana alirudi nyuma hatua moja. Saa ya kuondoka ikapita.

Ndipo bibi mmoja aliyeitwa Sabiha, aliyekwisha kukaa na mwanamke mwenzake, akasimama akiwa amekumbatia ndoo yake ya achari.

"Njoo ukae kwangu, mwanangu. Huyo wa visu nitakaa naye mimi. Kwa umri huu nani atanisingizia?"

"Mama, mimi nina mke," mchinjaji akasema.

"Na nani amekuomba? Shika ndoo."

Basi likaondoka likicheka, lakini lilikuwa limechelewa. Haji Rüstem akashuka.

"Limechelewa."

"Limechelewa, Haji."

 Shangazi alichukua jagi la bluu alilokuwa amelijaza maji mapema, akatembea mpaka pale basi lilipokuwa limesimama, akamwaga maji njiani nyuma ya basi, kama mama anavyommwagia mwanawe anayesafiri ili njia imrudishe salama.

"Unammwagia nani?" Haji akauliza. "Una ndugu mle?"

"Sina. Hawa ni wanafunzi, Haji. Mama zao hawako hapa."

Haji alitazama ile lami iliyolowa. Shangazi anasema alikohoa. Tayfun anasema alifuta macho.

"Idi ikipita, nipandie ngazi," akasema. "Nitakupa basi jingine moja. Na huyo kijana wako, mwambie mashine yake iulize kwanza, mwanamke au mwanamume."

Lile moja likawa mawili. Kufikia majira ya baridi yaliyofuata Haji alikuwa ametoa yote, na wenzake wakamfuata kwa wivu. Leo Cam Kenarı ina ghorofa yake yenye vioo, na vijana waliosoma nami chuoni wanafanya kazi humo. Duka la fundi viatu halipo tena. Haji alifariki, wanawe huuza viti vyao kwenye simu, na wapiga debe wamebaki wachache, wamekauka sauti.

Simu ya zamani ya mezani ilikaa ofisini miaka mingi kwa ajili ya mtu mmoja. Bibi Sabiha hakuitaka tovuti. Alipiga kila Idi: "Nezahat, nitafutie kiti. Na yule wa visu, hajambo?" Sasa hailii, lakini waya wake haujachomolewa.

Mkesha wa Idi iliyopita nilimsindikiza shangazi stendi. Wanafunzi walipanda wakionyesha simu zao, hakuna aliyemjua. Basi la Erzurum lilipotoka, akainama kidogo, kwa sababu ya mgongo, na kumwaga jagi lote.