Wosia Uliopigwa Mnada Ilula

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Evarista Kikoti anapanga nyanya kwenye sado, vile vindoo vya kupimia, kando ya barabara kuu, Ilula. Ngumu anaziweka juu, zilizolegea chini, na akigundua ameonekana, anacheka.

Kabla basi la kwanza halijasimama, jirani yake wa meza, Devota, anamletea uji kwenye kikombe cha plastiki.

"Mgonjwa ameamkaje?"

"Mgonjwa yupi?"

"Wewe, dada."

"Mimi mzima, Devota."

Devota anauacha uji palepale na kurudi kwenye vitunguu vyake. Ni wiki ya tatu sasa. Mwandishi wa makala haya alikwenda Ilula kuandika habari za bei ya nyanya, akakuta mama wa miaka 61 anayepewa pole ya ugonjwa asiokuwa nao. Alichanganyikiwa, na alipouliza, akachanganyikiwa zaidi.

Kisa kilianza na wosia.

Evarista ameuza nyanya barabarani kwa miaka ishirini na minne. Siku njema anabaki na shilingi elfu kumi na tano. Mvua ikinyesha mfululizo, anarudi nyumbani na nyanya zake. Kwa pesa ya vitunguu vya msimu mmoja alinunua nusu ekari bondeni, karibu na maji. Karatasi ya mauziano ina jina lake peke yake.

Shamba hilo ameamua kuwaachia, siku akifa, watoto wa nyumba moja iliyo pembezoni mwa jiji la Mbeya. Ni nyumba inayopokea watoto ambao dawa za kuponya zimegonga mwamba. Hapo hupewa dawa za maumivu, huogeshwa, huchezeshwa, na mzazi hulala pembeni ya kitanda.

Mjukuu wake, Happy, aliyekuwa na uvimbe tumboni, aliishi humo wiki saba. Alikuwa na miaka minane.

"Kabla ya pale alikuwa analia mpaka sauti inakauka," anasema Evarista. "Pale akaanza kuniuliza habari za mbuzi wake. Siku ile nilikuwa namsuka. Nilipomaliza msuko wa mwisho nikamwambia ageuke, kumbe ameshaondoka. Hakulia. Hilo mimi nikiwa hai siwezi kulilipa, nikaona nililipe nikifa."

Akaandika kwenye karatasi ya daftari, akaitia kwenye bahasha ya kaki. Alitaka mchungaji amtunzie. Jumapili ya mavuno aliiweka kwenye meza ya sadaka, kati ya boga na debe la mahindi, ili mchungaji aione.

Sasa hapo ndipo palipoharibika. Kila muumini wa huku anajua kwamba kilichowekwa mezani siku ya mavuno hupigwa mnada nje baada ya ibada. Evarista naye anajua. Amenunua kuku kwenye minada hiyo tangu akiwa msichana.

"Mpaka leo sielewi nilikuwa nawaza nini," anasema. "Nilijua kitu kizito kinapelekwa mbele ya Mungu. Basi."

Mnadi wa siku hiyo alikuwa Liberatus, fundi baiskeli mwenye sauti isiyohitaji kipaza. Aliifungua bahasha, akaona shamba, akaanza kunadi. Bei ikaanzia laki tatu.

"Ilipofika laki sita ndipo nikasoma mstari wa mwisho, umeandikwa 'nikishakufa'," anasema Liberatus. "Nikainua macho. Mwenye shamba yuko mbele yangu, amepakata kuku."

Mchungaji alisimamisha mnada, lakini maneno yalikwishatoka. Wengine walielewa kwamba Evarista ana siku chache za kuishi. Wengine walisema kuandika wosia ni kujichuria. Shemeji yake, Sosthenes, ndugu wa marehemu mumewe, ndiye aliyetaja laki sita, na akashikilia kwamba bei iliyotajwa mbele ya kanisa haifutwi.

Huko Mbeya nako walishangaa. "Siku moja tulipigiwa simu tatu," anasema Violet, muuguzi wa nyumba hiyo. "Wa kwanza anatoa pole ya msiba, wa pili anauliza bei ya shamba, wa tatu ni marehemu mwenyewe."

Habari zikafika Chunya, kwa mwanawe wa pekee, Joachim, mchimbaji mdogo wa dhahabu. Yeye ndiye baba wa Happy. Aliambiwa mama yako hayupo vizuri, wahi. Alilia kuanzia Chunya mpaka Makambako. Aliposhuka Ilula, alimkuta mama yake anabishana na abiria juu ya ndoo ya nyanya.

Furaha yake haikumaliza siku. Alipoelezwa habari ya shamba, aliuliza swali moja: "Mama, nimekukosea nini mpaka unawapa watu baki?"

Evarista aliendelea kupanga nyanya. Chunya ni jirani na Mbeya. Aliyekuwa mbali ni Evarista, wa Ilula. Kwa wiki zote saba Joachim hakuonekana, akaja Ilula kuzika tu. Neno hilo mama alikuwa amelimeza mwaka mzima, na hakutaka kulitapikia barabarani.

Jumanne iliyopita ukoo ulikaa uani kwa Evarista. Msaidizi wa sheria wa kata alieleza kwamba shamba ni la mama, na anaweza kumwachia amtakaye. Ila alimshauri wosia uandikwe upya mbele ya mashahidi, na wa ukoo wawemo. Ukoo mzima ukamtazama Sosthenes, mkubwa wao. Sosthenes akatazama viatu vyake.

"Nilitaka libaki kwetu, shemeji," alisema. "Si kwa ubaya."

Ndipo Joachim akauliza, bila kuinua kichwa, "Kitanda chake kilikuwa upande gani?"

"Dirishani, Baba Happy. Alikuwa anaona geti."

Joachim aliinua kichwa.

"Nilifika pale getini, mama. Mara mbili. Nikashindwa kuingia, nikarudi Chunya."

Evarista alijifunika uso kwa kanga. Sosthenes alikohoa, kisha akaomba kalamu, akasaini akiwa wa kwanza. Zile laki sita hakuna aliyezitaja tena.

Katika wosia mpya, nyumba ya matofali anayoishi Evarista itakuwa ya Joachim. Shamba linabaki la watoto wa Mbeya, ila atalilima yeye kwa sasa, maana mwenye wosia bado yupo na hana mpango wa kuondoka. Jumamosi wanakwenda Mbeya pamoja, na tenga moja la nyanya. Evarista anasema zote zitakuwa ngumu, juu mpaka chini.

Je, kama Joachim atashindwa tena kuingia?

Evarista anaunywa uji wa Devota, umeshapoa.

"Yeye atatangulia," anasema. "Mimi nitakuwa nyuma yake, nimemshika shati."