Swali la Tisa

Lorna Hruska aliapishwa mbele ya jaji mwaka uliofuata kifo cha mumewe, akawa mtetezi wa watoto mahakamani. Ni kazi ya kujitolea: kumtembelea mtoto mmoja aliyetelekezwa, kuwasikiliza wote wanaomhusu, kisha kumwandikia jaji lililo bora kwa mtoto huyo. Kwa miaka ishirini na sita Lorna alikuwa mpishi wa shule katika mji wa Pell, Nebraska, na fomu zake zilikuwa safi kama sufuria zake.

Mtoto aliyekabidhiwa aliitwa Maren, mwenye miaka minane. Alikutwa peke yake nyumbani siku ya nne tangu mama yake aondoke, theluji imeziba mlango, akila unga wa keki mkavu. Mahakama ilimweka kwa familia ya malezi, na kila Alhamisi Lorna alikwenda huko na karata zake. Kanuni zilikataza zawadi, hivyo alizileta na kuondoka nazo.

“Bi Lorna, unaniibia,” Maren alimwambia siku moja.

“Nakuibia nini, na wewe umemkalia malkia wa kopa?”

“Nampasha joto tu.”

Kutoka Alhamisi hadi Alhamisi, zilipita siku ambazo hakuna aliyelitamka jina la Lorna.

Mwaka wa pili, Darla, mama mdogo wa Maren, alijitokeza kutoka Wyoming, akaomba kumlea. Maren alipelekwa kwake wiki mbili za majaribio, naye Lorna akaendesha gari kwa muda wa saa saba kwenda kukagua. Aliporudi aliandika kasoro kumi na moja. Ngazi haina kishikio. Mbwa ni mkubwa. Basi la shule hutumia dakika arobaini. Akapendekeza mtoto abaki Pell.

Renata, msimamizi wa watetezi, aliisoma taarifa ile mara mbili.

“Hebu niambie, mama. Huyo mbwa alimfanya nini mtoto?”

“Alimlamba.”

“Na ngazi za kwako zina kishikio?”

Lorna alifunga kifungo cha koti lake, lakini Renata hakuwa amemaliza.

“Hakuna ulichokiona ukaacha kukiandika?”

Kilikuwapo. Jikoni kwa Darla, kabati la chakula halikuwa na mlango. Darla alikuwa ameung'oa kwa bisibisi, kwa sababu Maren alikuwa akiamka usiku mara kwa mara kuhakikisha kwamba chakula bado kipo. Tangu mlango ung'olewe, aliweza kukiona akiwa kitandani, kwa kuwa chumba chake kilitazamana na jiko, akalala. Lorna alikuwa ameliona lile kabati, amesimuliwa habari yake, na hakuandika hata neno.

“Sasa anayeiogopa Wyoming ni nani,” Renata aliuliza taratibu, “Maren au wewe?”

Lorna aliichukua taarifa yake, akaenda kuiandika upya mezani kwake, penye kiti kimoja tu kilichovutwa. Kabati alilitanguliza. Zile kasoro alizifuta moja baada ya nyingine, akabakisha ngazi, kwa kuwa kishikio kilihitajika kweli. Alipofika swali la tisa la fomu ya taarifa, alisita. *Ni nani wa hapa ambaye mtoto atampoteza akiondoka?* Aliandika jina lake kwa kalamu ya risasi, akalitazama mpaka chai ikapoa, kisha akalifuta na kupangusa chembe za ufutio.

Siku ya shauri, jaji aliinua macho kutoka kwenye karatasi.

“Bi Hruska, swali la tisa umeliacha wazi.”

“Ndiyo, Mheshimiwa.”

“Hakuna mtu?”

“Hakuna wa kumzuia asiende, Mheshimiwa.”

Jaji alimtazama kidogo, akatia saini Maren akabidhiwe kwa Darla. Shauri likafungwa, na kwa kanuni, ziara za mtetezi zikafungwa nalo.

Ukumbini, wakati Darla akisubiri nakala za hukumu, Maren alidai mchezo mmoja. Walicheza juu ya benchi. Lorna alishindwa.

“Umeniachia,” Maren alisema.

“Nani? Mimi sijawahi kumwachia mtu.”

“Alhamisi utakuja?”

Mtetezi hamwahidi mtoto lolote; hilo alifundishwa kabla hajaapa.

“Alhamisi utakuwa kwenu,” Lorna alisema.

Maren aliinamisha kichwa. Alizikusanya karata, akazilinganisha kingo kwa viganja vyake vidogo, akazitia kisandukuni. Kisha, bila kuambiwa, akamrudishia.