Walibadilisha difu ya pikapu ya kijiji, mwizi wa petroli nikawa mimi

Mwaka 1975, nikiwa na miaka ishirini na tatu, niliitwa mwizi wa petroli mbele ya kijiji kizima. Shida zangu zinaanzia hapo.

Wakuu, wanaostahili shikamoo nimewapa. Wengine nipeni mimi, maana wengi humu mna rika la wajukuu zangu. Ninayoandika yamenipata mwenyewe, sikusimuliwa. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo anayetaka kusahihisha herufi aende uzi mwingine.

Kilichoniamsha ni kijana mmoja aliyeuliza humu juzi. Amebadilisha difu ya Hilux yake, yaani ile mashine ya meno ya ekseli ya nyuma inayozungusha matairi. Sasa milima inapanda bila shida, lakini akiingia highway kwenda Biharamulo inakunywa mafuta mpaka anaogopa kutazama geji. Mkamcheka. Mmoja akamjibu, "Mwambie dereva wako aache kunyonya mafuta kwenye tangi."

Huyo wa kunyonya ndiye aliyefanya nitafute miwani niandike.

Kijiji chetu kiko juu, upande wa Kamachumu, wilaya ya Muleba. Siku hizo mkoa ukiitwa Ziwa Magharibi. Kwingine watu walihamishwa wakajengewa vijiji vipya. Kwetu mtu hang'oki kwenye kibanja, shamba la migomba la ukoo alimozikwa babu yake, kwa hiyo tukaandikishwa kijiji cha ujamaa pale pale tulipokuwa. Tukapata mwenyekiti, tukapata shamba la pamoja, na baadaye tukapata pikapu.

Mwenye leseni nilikuwa peke yangu. Nilikuwa nimejifunza kwenye lori la misheni, nikiwa utingo. Kwa hiyo pikapu nikapewa mimi. Nilibeba kahawa, ndizi, wagonjwa, na maiti waliofia hospitali Bukoba, maana Mhaya lazima arudi kuzikwa kwenye kibanja chake.

Petroli ilikuwa ya kibali. Siyo kama nyie mnaosema jaza. Kijiji kilikuwa na mgao wake, ukiisha umeisha, na mgonjwa anasubiri.

Sasa ile pikapu ilikuja na difu ndefu, ya nchi tambarare. Barabarani ilikuwa tamu. Ukishafika Muhutwe ukaelekea Bukoba, injini inanong'ona tu na petroli inabaki. Lakini kupanda mlima wa Kamachumu ikiwa na mzigo ilikuwa aibu. Gia ya kwanza kabisa, na watu wanashuka kusukuma.

Siku moja aliyeshuka kusukuma alikuwa mwenyekiti wetu, Ta Venanti (Ta kwetu ni kama kusema mzee), na kaunda suti yake mpya. Akina mama waliotoka sokoni walikuwa wamekaa kando ya barabara na vikapu vyao. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Leo serikali inasukumwa." Wakacheka mpaka tulipopotea kwenye kona.

Njia nzima Ta Venanti alipangusa vumbi kwenye ile suti. Nilijua lile neno limemwingia.

Haikupita muda akaleta difu nyingine, fupi, ya milimani. Aliipata kwenye pikapu kama yetu iliyopata ajali, ambayo kazi yake ilikuwa kuvuta trela mashambani. Akatoa mikungu ya ndizi na madebe ya lubisi, pombe yetu ya ndizi, akaletewa fundi, ikafungwa.

Wakuu, ile gari ikapanda mlima kama mbuzi. Gia ya pili, magunia yamejaa nyuma na watu wamekaa juu ya magunia. Tulipofika juu akina mama wale wale wakamwimbia Ta Venanti. Alitabasamu wiki nzima. Hata mimi nilifurahi, nilidhani tumepata nguvu ya bure.

Ubaya ulikuwa barabarani, nao hakuna aliyeuona kwa sababu kwenye usukani nilikuwa mwenyewe.

Nikitaka kufika Bukoba kwa muda niliouzoea, injini inalia kama imebanwa na mlango. Kichwani nikasema ndiyo sauti ya nguvu. Lakini mgao wa petroli uliokuwa unatufikisha mwisho wa mwezi ukawa haufiki.

Lililonimaliza ni jingine. Ta Venanti alikuwa na tabia ya kusoma namba ya kilomita kwenye dashibodi kabla sijaondoka, akaiandika kwa chaki kwenye mlango wa ofisi ya kijiji. Nikirudi anasoma tena. Kwenda Bukoba na kurudi alikuwa anajua ni kilomita ngapi, kila mtu alijua.

Sasa zikaanza kuzidi. Kila safari zinazidi, tena kwa kiasi kile kile. Kama mtu anayefika Bukoba, halafu anachepuka mahali, halafu anarudi.

Petroli imepungua, kilomita zimezidi. Hebu wewe unayesoma, ungefikiri nini?

Wakafikiri hivyo hivyo. Yakaanza maneno kwamba nashuka mwaloni, kule ziwani mitumbwi inakoshushia, kuwabebea samaki wavuvi wa visiwa vya Bumbire na Goziba. Mama mmoja akaapa pikapu inanuka samaki. Kijiji kizima kilikuwa kinapakia samaki humo, yeye mwenyewe akiwemo, lakini siku hiyo harufu ikawa yangu peke yangu.

Nilimwendea Ta Venanti nikamwomba apande nami, twende Bukoba na kurudi, aone kwa macho yake. Akaniambia, "Nikukalie kwenye gari kama mtu anayechunga ng'ombe? Ukinyooka namba zitanyooka."

Jumapili baada ya misa wakaitana kwenye darasa la shule. Nikasimamishwa mbele. Nikaulizwa kilomita zinakwenda wapi. Nikasema sijui. Nikaulizwa petroli. Nikasema sijui. Lilikuwa jibu la kweli na ndilo lililoniangamiza, maana dereva asiyejua gari lake limekwenda wapi ni nani kama si mwizi?

Baba yangu alikuwa amekaa dawati la nyuma. Akasimama. Nikadhani ananitetea. Akasema, "Mwanangu, sema tu ulikopeleka. Watakusamehe."

Hilo ndilo lililonivunja. Matusi ya wengine nilikuwa nayavumilia.

Funguo nikanyang'anywa pale pale.

Nilikuwa nimechumbia kijiji cha Nyanga, kwa mzee anayeitwa Ta Leopoldi, binti yake Koku. Kwetu mgeni akija anapewa kahawa za kutafuna. Unazishika kiganjani, anachukua, mnatafuna, mmekuwa watu wamoja. Ta Leopoldi alikuja nyumbani kusikia habari kwa masikio yake. Nikampelekea kahawa mwenyewe. Akatazama kiganja changu, akamgeukia baba yangu akaongea naye habari za mvua. Kahawa hakuigusa.

Koku akaolewa na mwingine. 

Nikapanda meli kwenda Mwanza bila kuaga. Nikawa utingo, nikalala chini ya malori, nikaingia gereji kusafisha vyuma, nikajifunza kufungua injini, giaboksi, difu. Vita vya Kagera vikapita nikiwa huko. Baba akafa nikiwa huko. Alikufa akijua ana mtoto mwizi.

Ilipita miaka mingi, siku moja mwenye pikapu ya kubeba pamba akaja analalamika. Amebadilisha difu, sasa barabara ya Shinyanga imerefuka. Alisema hivyo hivyo, barabara imerefuka. Mafundi wenzangu wakacheka.

Mimi sikucheka. Nilikaa chini.

Nikaichukua difu aliyoitoa nikaiweka mezani pamoja na nyingine kama aliyoifunga. Nikazungusha pinioni, lile gurudumu dogo la meno linaloendeshwa na injini, na kuitazama krauni, lile kubwa linalozungusha tairi. Ile ya kwanza, unazungusha kama mara nne tairi linamaliza mzunguko mmoja. Ya pili unazungusha mara tano na zaidi.

Sasa sikilizeni, hasa yule kijana wa Hilux. Mlimani hiyo mizunguko ya ziada ndiyo nguvu, injini inapata nafasi ya kuvuta. Barabarani ni hasara. Tairi linakwenda pale pale, lakini injini inazunguka zaidi kwa kila kilomita, na kila inapozunguka inakula. Mzigo umeshuka, mlima umeisha, yenyewe bado inafanya kazi ya mlima.

Na waya wa spidomita kwenye zile pikapu hautoki kwenye tairi. Unatoka mkiani mwa giaboksi, unahesabu mizunguko ya propela shafti, ile nondo ndefu inayotoka giaboksi kwenda kwenye difu. Shafti ikizunguka zaidi, saa ya kilomita inaandika safari ambayo gari halikwenda.

Zile kilomita nilizoulizwa zimekwenda wapi hazikuwahi kuwepo. Sikuwa nimekwenda mwaloni. Hakuna aliyekuwa amekwenda popote.

Niliponunua pikapu yangu ya kwanza, safari ya kwanza niliyofanya ilikuwa Kamachumu. Nyuma nilipakia krauni mbili na pinioni zake.

Nilimkuta Ta Venanti nyumbani kwake, mzee sasa, anageuza kahawa juani kwenye mkeka. Nikamsalimu kwa heshima zote. Nikaviweka vile vyuma kando ya kahawa yake nikazungusha kimoja, nikazungusha cha pili, nikamweleza yote kama nilivyowaeleza nyie.

Alitazama mpaka nikamaliza. Hakushangaa. Nikaona hashangai.

Akasema, "Aliyeshika gari baada yako, yule wa Rubya, namba zake zilikuwa hizo hizo. Nilizisoma mwenyewe."

Nikamwuliza alisema nini kwa watu.

"Ningesema nini? Kwamba nimemfukuza mtoto wa watu kwa difu niliyoileta mimi, nikaimbiwa? Niliacha tu kuandika kwenye mlango."

Nikamwomba jambo moja. Jumapili watu wakitoka kanisani asimame aseme fulani hakuiba. Maneno hayo tu, halafu mimi naondoka.

Ta Venanti akageuza kahawa yake. Akasema, "Wewe una gari. Una gereji. Unataka nini tena kwangu?"

Hakusema Jumapili ile wala nyingine yoyote. Amekufa na siri hiyo. Kwenye mazishi yake walimsifu kwamba ndiye aliyeifanya pikapu ipande mlima, na wapo mpaka leo kule wanaonijua kama yule wa petroli.

Somo langu ni hili. Ukibadilisha difu, jua gari lako linashinda wapi. Kama unashinda milimani Kamachumu, funga fupi. Kama unashinda highway, acha ndefu na upunguze mzigo. Ukibadilisha, pima umbali kwa ramani ya simu yako kabla hujaiamini spidomita. Na kabla hujamwita dereva wako mwizi, panda naye siti ya mbele mwende na kurudi. Ni safari ya siku moja.

Wewe uliyeandika habari ya kunyonya, hutanisumbua tena, nimeshayasikia makubwa zaidi. Mafundi na madereva waliopatwa na ya namna hii waandike hapa chini. Wa Kamachumu nao waandike, kama wapo.

Leo nina nyumba Nyanga, nimejenga mwenyewe. Nina kibanja cha migomba na kahawa, nimenunua, sikurithi. Nina gereji Bukoba mjini, pikapu mbili, moja inatembea na moja ya kutolea vipuri. Nina mke, watoto sita, wote wamepita shule niliyoishia mimi. Kaburi langu nimeshawaonyesha lilipo. Ni hapa Nyanga, nyuma ya nyumba. Kamachumu hawanipeleki.