Râpe ya Jirani

Juma lililopita niliingia katika duka la vyombo hapa Butembo, nikasimama mbele ya râpe zilizotundikwa kwenye misumari, nikasimama mno hata muuzaji akaniletea kiti. Râpe unaijua, rafiki yangu: kile kibati cha mkononi chenye mpini na meno, cha kuparuzia ganda la limau au jibini. Nilishika moja, nikalaza kidole gumba juu ya meno, nikakivuta polepole. Nikaiinua mlangoni nitazame mwanga ukipita kwenye matundu. Nikajaribu kuikunja.

Muuzaji akacheka. "Mama, unanunua râpe ao unachagua mbuzi ya mahari?"

Nikamwambia nilifundishwa hivyo. Akauliza nani alinifundisha, nami nikajifanya sikusikia. Nilikuwa nimechoka. Si miguu iliyochoka. Kuna jambo moja nimelibeba tangu nilipokuwa darasa la tatu, na siku ile nilitaka kulitua.

Tulikuwa tunakaa Beni, wakati ule wa vita vya pili vya Kongo, wakubwa wa mji walipokuwa wakibadilika kila baada ya muda mfupi na sisi watoto tukijifunza maneno mapya ya Kilingala kwa kila kundi la askari lililofika. Nililelewa na nyanya yangu, tuliyemwita Mukaka kwa Kinande. Mukaka alikuwa mama wa maandazi. Alfajiri ungesikia kwanza mafuta yakilia kwenye karai, halafu yeye akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, na moshi wa kuni ukatufikia kitandani pamoja na harufu ya limau. Limau ndiyo ilikuwa siri yake. Watu walipita maandazi ya wengine njiani wakaja kwake, na wengi hawakujua kwa nini.

Ila ganda la limau halikatwi kwa kisu likafaa, na râpe hatukuwa nayo. Ilikuwa ya jirani. Jirani huyo alikuwa mpishi wa masista, Mkatoliki wa rozari mkononi, na sisi Waprotestanti. Walitaniana na Mukaka juu ya mambo hayo kila siku ya Mungu, na hakuna aliyekasirika. Râpe yake ilikuwa nzito, ya chuma kizuri, upande mmoja meno madogo na upande wa pili makubwa. Alinionyesha mwenyewe jinsi ya kuitumia, kidole changu ndani ya mkono wake. Meno mazuri hukamata kidole bila kukikata. Meno madogo ni ya limau, makubwa ni ya jibini. Limau liwe kavu, na uligeuze kila mara, kwa sababu utamu uko kwenye rangi ya juu tu, na chini yake kuna uchungu. "Ukiona nyeupe," alikuwa akisema, "umeisha kupita."

Jibini tulilionja Noeli, kama njia imefunguka. Lilipanda lori upande wa Goma, likapita Kanyabayonga na Kayna na vizuizi vyote vya askari, likafika limepungua kwa namna ambayo hakuna dereva aliyeweza kuieleza. Jirani aliliparuza juu ya makaroni, nyumba zetu mbili zikala pamoja. Kisha aliiosha râpe kwa maji baridi. Ukianza na maji ya moto, jibini linayeyuka na kuganda kwenye matundu, na utalichokonoa kwa kijiti mpaka jioni. Nimelichokonoa, ninajua.

Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukiazima sahani, unairudisha na kitu ndani, hata viazi viwili. Râpe haina tumbo la kuwekea kitu, lakini Mukaka hakutaka kusikia habari hiyo. Kila mara aliifunga pamoja na maandazi matatu ndani ya jani la mgomba, akanituma. Na kitu cha kuazimwa hakiachwi mlangoni wala mezani. Unakitia katika mkono wa mwenyewe.

Siku hiyo jani lilikuwa bado moto. Lazima nikueleze kwamba mtoto wa mama wa maandazi hali maandazi. Yale ni ya kuuza. Sisi tulikula yaliyoungua. Nami nilikuwa nimebeba matatu mazuri, mekundu, yananukia limau niliyoiparuza mwenyewe. Katikati ya uwanja wa nyumba zetu mbili nikafungua jani, nitazame tu. Nikala moja. Yakabaki mawili, na nikajiambia kuwa mawili ni aibu, jirani atauliza la tatu liko wapi. Basi nikala la pili, na la tatu likawa halina tena kazi duniani.

Nikabaki na râpe na jani lenye mafuta. Kwenda mikono mitupu sikuweza. Aibu ile ilikuwa kubwa kuliko ya wizi. Nikaizungukia nyumba yetu kwa nyuma, nikaichomeka ndani ya rundo la kuni, nikiwaza kuwa kesho nitaiba maandazi mengine matatu na kuipeleka kama inavyotakiwa. Mukaka aliniuliza kama nimerudisha. Nikasema ndiyo.

Hiyo kesho ilianza kwa risasi. Mafuta hayakulia asubuhi ile. Tulitoka na godoro, sufuria mbili na Biblia, tukashika njia ya Butembo kwa miguu pamoja na mji mzima. Jirani alikuwa ametangulia na masista. Nilipogeuka niliona paa letu na rundo la kuni ukutani, nikaendelea kutembea.

Butembo tulipokelewa na mjomba. Majuma yakapita, na siku moja sokoni jirani akatuona. Alikuja mbio, akamkumbatia Mukaka, wakalia, wakahesabu nani yuko na nani hayuko. Kisha akafuta macho na akacheka kidogo.

"Nilipoteza yote," akasema, "lakini najua râpe yangu iko mu mikono mizuri. Uko nayo?"

"Mutoto si alikurudishia," Mukaka akasema.

Wote wawili wakanitazama. Hapo ndipo pangekuwa pa kusema, rafiki yangu. Ningechapwa, na ingeisha.

"Nilimupatia mu mukono," nikasema.

Kama ningesema niliiacha mlangoni, wangewalaumu askari na kuendelea kupendana. Lakini nilitaka uongo wangu ufuate desturi. Mkononi, nikasema, na mkono wenyewe ulikuwa mbele yetu.

"Mu mukono gani, mutoto?" jirani akauliza polepole. "Mimi hapana kupokea kitu."

"Mutoto wangu hasemaka bongo," Mukaka akasema. Katika midomo yake bongo ni uongo, na kwake ulikuwa mbaya kuliko wizi.

Hawakupigana wala kupaza sauti. Jirani aliokota kikapu chake akaenda. Tangu hapo walipokutana njiani walisalimiana kama watu wanaosubiri mvua ipite. Mukaka aliendelea kukaanga maandazi kwa mjomba, bila limau. Mtu akimuuliza, alisema limau imepanda bei. Tuliporudi Beni, rundo la kuni halikuwepo. Askari walikuwa wamelipikia mpaka kijiti cha mwisho. Nilichimbua majivu kwa mikono nisipate hata mpini. Miaka ikaenda, tukahamia Butembo kabisa, Mukaka akafa hajui. Nilimzika sijamwambia, na sijawahi kuchoka kama siku ile.

Basi ndiyo sababu ya râpe ya juma lililopita. Niliambiwa jirani bado yuko hai, anakaa kwa binti yake. Nilikaanga maandazi matatu, nikayaweka juu ya sahani, nikaweka râpe juu yake, nikaenda. Nilimkuta ameketi mlangoni juani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, vidole vimepinda. Nikapiga goti, nikamtia râpe mkononi, nikamweleza yote, kuanzia jani mpaka kuni.

Kisha akauliza, "Ilikuwa mandazi ngapi?"

"Tatu, Mama."

"Tatu," akasema. "Mukaka yako alikuya hapa, mbele ya kufa. Alileta mandazi. Alisema râpe ilipotea, yeye hajui namna gani, lakini mutoto wake hasemaka bongo. Nikamwambia: basi, rudi na mandazi yako. Akarudi nayo."

Nililia, naye akaniacha nilie bila kunizuia. Baadaye akachukua andazi moja, akalitafuna kwa upande wenye meno.

"Umepita ku nyeupe," akasema. "Kidogo."

Akaendelea kula mpaka akalimaliza. Akalaza kidole gumba juu ya meno ya râpe, akakivuta, akatikisa kichwa kwa kukubali. Nilipoinuka kuaga alimwita binti yake atoe maandazi mawili yaliyobaki, aioshe sahani na kuileta. Binti akauliza waweke nini ndani, hakuna kitu nyumbani leo. Mzee akaiweka râpe juu ya sahani, akanipa vyote viwili.

"Sahani hairudi bure," akasema. "Mimi mikono imechoka. Beba."

Siku hizi sahani zinarudi tupu, na mara nyingi hazirudi kabisa. Ule uwanja wa Beni sijui nani anakaa pale, wala kama kuna mtu anayepanga kuni pale ukutani. Jibini linauzwa limekwisha kuparuzwa, ndani ya mfuko, na wasichana wangu hawajui kuwa lilikuwa na safari. Nyimbo za Mukaka ninazikumbuka nusu nusu. Watu wawili walipendana kuvuka makanisa na vita, nami niliwatenganisha kwa maandazi matatu, na msamaha nilioupata ni wa mmoja tu.

Râpe iko jikoni kwangu. Ninaitumia Jumapili, upande wa meno madogo, na ninaiosha kwa maji baridi. Wasichana wangu waliniuliza ni ya nani, kwa kuwa ninaifunga peke yake ndani ya kitambaa. Niliwaambia ni ya jirani, tumeiazima.